Mume wangu anataka mafao yangu yanunue shamba la miti Mufindi

Kaka mshauri,

Habari za kazi. Mimi ni muuguzi mstaafu wa miaka 60, naishi Kimara hapa Dar es Salaam na mume wangu, ambaye alistaafu kabla yangu. Mafao yangu ya mkupuo yaliingia benki mwezi wa tatu, na tangu siku hiyo nyumba yetu haina utulivu.

Mdogo wake mume wangu ana shughuli zake Mafinga, mji wa wilayani Mufindi, Iringa. Yeye ndiye aliyeleta habari ya shamba la miti: ekari 20 za misindano (paina) katika kijiji kimoja cha Mufindi, miti ina miaka 11, mwenye shamba ni mzee wa hapo hapo kijijini, na anauza kupitia dalali. Bei ni milioni 70, ardhi pamoja na miti yake. Dalali ameandika hesabu kwenye karatasi ya daftari akanitumia picha kwa WhatsApp. Kila ekari ina miti 600, jumla miti 12,000. Kila mti haukosi shilingi 20,000. Kwa hiyo ni milioni 240. Ananiambia, "Mama, miti imeshakomaa, kazi yako ni kuvuna tu."

Mume wangu alikwenda kuiona, akarudi hashikiki. Amepiga picha akiwa kando ya barabara ya kijiji, ameuzungushia mti mmoja viganja viwili na vidole havijakutana. Anasema wenzake wengi aliofanya nao kazi wana miti Njombe na Mufindi, sisi tu ndio tumelala. Mimi nilikuwa nafikiria hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, au vipande vya UTT, ule mfuko wa uwekezaji wa pamoja, au nijenge vyumba vya kupangisha kwenye kiwanja chetu cha Chanika. Yeye anasema hela ya benki inaliwa na bei za vitu, lakini mti unaongezeka hata ukiwa umelala.

Sasa dalali anataka kishika shamba cha milioni 10 kabla ya mwisho wa mwezi, eti kuna mteja mwingine anaifuatilia. Sitaki kumvunjia heshima mume wangu wala kugombana na shemeji. Lakini hela hii ni ya miaka 35 ya zamu za usiku. Je, huu ni uwekezaji kweli? Na miti ikishavunwa, inachipua tena niendelee kupata, au ndiyo basi?

Mstaafu wa Kimara

*

Dada yangu,

Pole na hongera kwa pamoja. Kabla hatujagusa hesabu ya dalali, kuna swali moja ambalo ningependa aulizwe yeye, na jibu lake msilisikilize kwa haraka: kwa nini watu wa Mafinga hawajainunua miti hii?

Mafinga hakuna shida ya wanunuzi wa miti. Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya serikali nchini, liko hapo hapo Mufindi. Kuna viwanda vya mbao, kuna viwanda vinavyomenya magogo kutengeneza vinia, zile karatasi nyembamba za mbao, na kuna wachana mbao wenye zile mashine ndogo za kuhamahama wanazoziita dingdong. Hawa wanazunguka vijijini kila siku wakitafuta miti ya kukata. Mchana mbao mzoefu akipita katikati ya shamba kwa nusu saa anakwambia zitatoka mbao ngapi. Miti ya milioni 240 ikiuzwa kwa milioni 70 mbele ya watu kama hao, haiwezi kusafiri kilomita karibu 580 mpaka imkute muuguzi mstaafu wa Kimara.

Simaanishi kwamba mzee ni tapeli. Wakulima wengi wa kule huuza miti ikiwa michanga kwa sababu ada imefika au kuna mgonjwa ndani, na muuzaji mwenye haraka ni wa kweli kabisa. Lakini hata mwenye haraka angempata mnunuzi jirani. Wanunuzi wa jirani wakikataa, mara nyingi ni kwa sababu lori halifiki shambani, au ardhi ina mgogoro na kijiji kizima kinajua, au miti ni myembamba. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoishuku zaidi kwenye barua yako, kwa sababu karatasi ya dalali yenyewe inaisema bila yeye kujua.

Tazama hiyo namba 600. Ukipanda misindano kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ekari moja inaingiza miti 450 hivi. Ukibana hadi mita 2.5 kwa 2.5, inafika kama 640. Kwa hiyo ekari yenye miti 600 katika mwaka wa 11 ni ekari iliyopandwa kwa kubanana na haijawahi kupunguzwa. Shamba linalotunzwa hupunguzwa miti njiani, ile dhaifu na iliyopinda inatolewa ili inayobaki inenepe. Pasipo kupunguza, miti inagombania mwanga, inakwenda juu, na shina linabaki fito. Kwa hiyo ama dalali amekuza idadi, ama idadi ni ya kweli na miti ni myembamba. Kwako yote mawili ni hasara.

Na ile picha ya mume wako? Mti wa ukingoni, kando ya barabara, hupata mwanga upande mmoja mzima na hunenepa kuliko wenzake wa ndani. Ndiyo maana wageni hupigishwa picha barabarani. Aingie ndani hatua mia, ndipo apime.

Kupima si kazi ya mtaalamu peke yake. Chukua utepe wa fundi cherehani. Zungusha kwenye shina, usawa wa kifua, kama mita 1.3 kutoka ardhini. Gawa kwa 3.14 upate kipenyo. Mti wenye mzunguko wa sentimita 47 una kipenyo cha sentimita 15. Wenye mzunguko wa sentimita 79 una kipenyo cha 25. Kwa macho tofauti si kubwa sana. Kwa ujazo, mti wa kipenyo cha 15 na urefu wa mita 12 una takriban mita za ujazo 0.085 (hapo nimeshapunguza kwa sababu shina huchongoka kuelekea juu), na ule wa 25 wenye urefu wa mita 18 una kama 0.35. Mara nne!

Sasa hapa ndipo elfu ishirini za dalali zinapoyeyuka. Dingdong inakula sana gogo. Sehemu kubwa inaishia kuwa unga wa mbao na mabanzi, na ukipata theluthi moja ya gogo ikiwa mbao umepata vizuri. Mbao ya inchi mbili kwa nne, futi 12, ina kama mita za ujazo 0.019. Kwa hiyo mti mwembamba wa kipenyo cha 15 unakupa mbao moja na nusu. Moja na nusu, dada. Ule wa kipenyo cha 25 unakupa sita. Nenda duka la mbao lolote hapo Kimara, uliza mbili kwa nne ya msindano inauzwaje, zidisha kwa moja na nusu, na ujue hiyo ni bei ya mbao iliyokwisha kukatwa, kuchanwa, kusafirishwa na kuwekewa faida ya kila aliyeishika. Wewe unanunua mti uliosimama.

Ndiyo maana hesabu ya miti hufanywa kwa kurudi nyuma, kutoka maduka ya mbao ya Buguruni hadi kwenye kisiki. Anza na bei anayolipa mwenye duka la mbao kwa mzigo wa jumla. Toa lori kutoka Mafinga, kupitia Kitonga na Mikumi. Toa upakiaji na ushushaji. Toa ushuru wa halmashauri na gharama ya hati ya kusafirishia mazao ya misitu, maana hata miti ikiwa ya mtu binafsi, mbao haziingii barabarani bila karatasi. Toa malipo ya mchana mbao, ya waangushaji, ya vijana wa kukokota magogo mpaka kwenye mashine, na ya gari dogo la kutoa mbao shambani hadi pale lori kubwa linapoweza kufika. Kama mnunuzi wa Dar anataka mbao zilizopigwa dawa, toa na dawa, kwa sababu msindano usio na dawa mchwa wa Pwani hawauachi. Kinachobaki ndiyo thamani ya mti. Karatasi ya dalali haikutoa hata nauli ya punda.

Halafu hilo neno "imekomaa". Msindano wa miaka 11 unakatika, ndiyo, na maelfu hukatwa katika umri huo. Lakini mashamba ya serikali huiacha misindano ifike miaka 18 na kuendelea, na kuna sababu. Mti mchanga una mbao laini inayopinda ikikauka; muulize fundi seremala yeyote wa Keko kuhusu mbao mbichi za miti michanga na utasikia lugha ambayo siwezi kuichapa hapa. Pia hautoi mbao pana. Moja kwa nane na mbili kwa sita zinatoka kwenye shina nene, na ndizo zenye bei. Uliza vilevile kama miti imepogolewa. Matawi ya chini yakiachwa yafie mtini, yanaacha vifundo ndani ya mbao, na mbao ikikauka vingine vinadondoka na kuacha tundu.

Hapo sasa nimpe mume wako haki yake, kwa sababu hoja yake ya mti kuongezeka ukiwa umelala ni nzuri kuliko hesabu ya dalali. Mti uliosimama ni stoo ya aina yake. Bei ya mbao ikianguka mwaka huu, huna haja ya kukata. Unaacha, na wakati unasubiri unazidi kunenepa. Gogo lililokatwa halina subira hiyo, likilala wiki kadhaa kwenye mvua linashika ukungu wa bluu na bei inashuka. Mtu anayenunua shamba la miaka 11 kwa bei ya fito, akapunguza miti mibovu, akalinda, akasubiri miaka saba au minane, anaweza kufanya biashara ya maana. Lakini hiyo si ile mnayouziwa. Mnauziwa mavuno ya sasa kwa ahadi ya faida ya haraka, na faida ya kukua kwa miti tayari imeshahesabiwa kwenye bei ya muuzaji. Kinachobaki hapo ni biashara ya mbao, na biashara ya mbao inataka mtu wa kulala Mafinga, kusimamia mashine, kuhesabu mbao zinazopakiwa na kubishana na madereva. Je, mume wako yuko tayari kwa hayo? Au atafanya shemeji?

Kuhusu shemeji. Muulizeni, kwa upole, analipwa na nani katika jambo hili. Kupata cha juu kutoka kwa muuzaji si dhambi, watu wengi wanaishi hivyo, lakini mtu anayelipwa na muuzaji hawezi kuwa jicho la mnunuzi. Akijibu wazi, mtajua mumweke upande gani wa meza.

Ardhi sasa, na hapa usilegeze. Shamba liko kijijini, kwa hiyo linakwenda chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Ninyi si wanakijiji. Ardhi haihami kwenda kwa mtu wa nje kwa sahihi ya muuzaji na muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji. Lazima Halmashauri ya Kijiji iridhie, na muone muhtasari wa kikao, si kuambiwa kwamba kikao kilikaa. Ulizeni kama mzee ana Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Kama hana, ulizeni majirani wa pande zote nne mipaka iko wapi, kila mmoja peke yake. Ulizeni watoto wake na mke wake, au wake zake, kama wanajua shamba linauzwa, na wasaini. Miti ya baba iliyouzwa bila watoto kujua imefikisha watu wengi kwenye baraza la ardhi. Tazameni pia bondeni: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 za mito na vyanzo vya maji, na kama ekari tatu kati ya hizo 20 ziko kwenye kijito, msizihesabu kama zenu.

Na zipimwe kwa GPS hizo ekari. "Ishirini" za kijijini mara nyingi ni za macho.

Moto ndio unaonitisha zaidi kwa mtu anayeishi Dar. Kuanzia Agosti mpaka mvua zianze, nyanda zile zinakauka, watu wanachoma kusafisha mashamba, warina asali wanaacha vijinga, na upepo hauulizi mpaka. Muulize mume wako kama aliona barabara ya moto, yaani ule ukanda uliofyekwa kuzunguka shamba, na upana wake. Kama hakuuona, hakuna, na mtaulipia ninyi kila mwaka pamoja na mlinzi. Mmiliki anayeonekana kijijini, anayechangia mambo ya kijiji, moto ukiwaka anapigiwa kelele na watu wanakimbilia matawi ya kuuzimia. Anayejulikana kama "yule mama wa Dar" anapigiwa simu kesho yake.

Umeniuliza kama misindano inachipua. Haichipui. Milingoti (mikaratusi) ndiyo inayochipua kwenye kisiki. Msindano ukishakatwa umekwisha. Mnabaki na ekari 20 za visiki, gharama ya kusafisha, miche, kupanda, kupalilia miaka ya mwanzo, na kusubiri tena miaka 15 au 18. Una miaka 60. Sikutakii maisha mafupi, nakuombea uione hiyo miti ikivunwa, lakini hayo ni mapato ya wajukuu, na mafao ya mstaafu kazi yake ya kwanza ni dawa, umeme na chakula cha mwezi huu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kwa bei hiyo, kwa karatasi hiyo, usinunue, na kishika shamba usitume hata shilingi mpaka mambo ya ardhi niliyoyataja yawe mkononi kwa maandishi na wakili wenu ameyasoma. Kama kuna mteja mwingine kweli, mzee ana bahati, amuuzie. Sehemu kubwa ya mafao iende kwenye kitu kinacholipa bila wewe kupanda basi: hatifungani hulipa riba kila baada ya miezi sita, na vipande vya UTT unaweza kuviuza ukipata dharura. Vyumba vya Chanika ni habari nyingine, tutaijadili ukiniandikia gharama zake.

Lakini usimfungie mume wako mlango, maana ana hamu ya kazi, na mwanamume mstaafu asiye na kazi ndani ya nyumba unamjua kuliko mimi. Mwambie kuna fungu, tuseme milioni 10 au 12 na si zaidi, ambalo mkilipoteza hamtalala njaa. Kwa fungu hilo atafute ekari chache za miti ambayo mmeipima wenyewe, pamoja na ardhi yake, kwa nia ya kusubiri na si kuvuna mwaka huu. Au anunue miti peke yake bila ardhi, mkataba ukitaja idadi, mipaka na muda wa kuiondoa shambani, auze kwa wachana mbao wa hapo hapo, ajifunze biashara kwa kidogo.

Na kabla ya lolote, pandeni basi pale Magufuli Mbezi, ninyi wawili, bila dalali. Mkifika Mafinga pitieni kwanza ofisi ya halmashauri, mwombe afisa misitu afuatane nanyi. Mtamlipia usafiri na posho, na hiyo ndiyo hela yenye faida kuliko zote katika habari hii. Ndani ya shamba, mbali na barabara, kata kamba ya mita 5 na sentimita 64, mmoja ashike ncha katikati, mwingine azunguke. Duara hilo ni mita za mraba 100. Hesabuni miti iliyomo, pimeni kila mmoja kwa utepe, zidisheni idadi kwa 40 mpate ya ekari. Fanyeni hivyo sehemu kumi hivi tofauti, na mahali pa kusimama chagueni ninyi, si mwenye shamba. Kama miti ni 600 kwa ekari kweli, kila duara litakuwa na kama 15. Andikeni vipenyo vyote kwenye daftari, kisha nitumieni, tutaifanya hesabu ya mbao pamoja.